Shajara ya mradi: Mwaka wa kwanza chuoni bila kengele

Nimelala bweni miaka sita, kidato cha kwanza hadi cha sita, kisha nikaenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Ukihesabu vizuri, tangu nina miaka kumi na minne sijawahi kujipangia mwenyewe saa ya kuamka. Bwenini kulikuwa na kengele ya kuamka, ya usafi, ya paredi, ya uji, ya prepo na ya kuzima taa. Kambini kengele ikageuka filimbi. Chuoni hakilii kitu. Nililijua hilo Jumanne ya wiki ya kwanza ya vipindi, niliposhtuka saa nne asubuhi nikiwa ndani ya chandarua na kipindi cha saa mbili kimeshamalizika.

Ndipo nikaamua mwaka huu uwe mradi, na kila hatua ikikamilika naiandika: nilichojaribu, kilichoniangusha na shilingi zilizotoka. Nasoma uhasibu katika chuo kimoja hapa Dodoma. Nilimuuliza kaka mmoja wa mwaka wa tatu wenzangu wanafanyaje, akanijibu, "Utazoea tu, mdogo wangu." Jibu zuri, ila haliniambii ninunue ndoo ngapi.

26 Oktoba 2024, Jumamosi: kufika

(Siku hii nimeijaza baadaye kutoka kwenye risiti.)

Nimetoka Dar kwa treni ya SGR, nauli 31,000. Ada na bima ya afya Mama alikuwa ameshalipa, mkononi akanipa 250,000 na maneno mengi. Usajili ulikuwa foleni tu: vyeti, cheti cha kuzaliwa, fomu ya daktari, picha za pasipoti, kisha foleni nyingine ya kitanda. Hapo sina la kufundisha, ila njoo na nakala tano za kila karatasi, maana mashine ya kutoa nakala iliyo karibu na dirisha la usajili inajua shida yako na bei yake inajua pia.

Matumizi ya siku hiyo: treni 31,000; bajaji kutoka stesheni 8,000; ndoo mbili zenye mifuniko na beseni 16,500; chandarua 12,000; kufuli 6,000; ekstensheni ya umeme 13,000; nakala na picha 9,500. Jumla 96,000. Zikabaki 154,000.

Makosa mawili. La kwanza, ndoo na beseni nilivinunua Mbagala, Dar, nikavibeba kama mtu anayehamia kisiwani, wakati soko la Sabasaba hapa Dodoma vimejaa tele. La pili ni ekstensheni. Nilichukua ya bei rahisi, na Januari itaonekana hapa tena.

Chumbani tuko wanne kwa mujibu wa karatasi mlangoni. Wenzangu nitawaita kwa kwao: wa Songea, wa Kibondo na wa Pemba.

10 Novemba 2024, Jumapili: jaribio la kwanza, ratiba ya bweni

Baada ya lile la Jumanne niliona dawa ni kurudisha kengele. Nikachukua karatasi nikaandika ratiba ya shule neno kwa neno: kuamka saa 11 alfajiri, prepo hadi saa 12 na nusu, kuoga, chai, vipindi, chakula saa 7, kusoma, mazoezi, prepo ya usiku saa 2 hadi saa 4, kulala. Nikaibandika juu ya kitanda. Wa Songea akaisoma yote kwa sauti, halafu akauliza, "Na bendera tunapandisha saa ngapi?"

Ilidumu siku nne. Sababu niliziona moja moja:

Jumatatu nina kipindi saa 1 asubuhi, kisha sina kitu mpaka saa 10 jioni. Jumatano ni kinyume chake, asubuhi tupu, na semina inaisha saa 2 usiku. Ratiba ya shule ilitengenezwa kwa siku zinazofanana, na hizi hazifanani hata kidogo. Kutoka hosteli hadi ukumbi mkubwa ni mwendo wa dakika ishirini na tano juani, ambao sikuuhesabu kabisa. Na saa 4 usiku, ninayotaka kulala mimi, ndiyo saa ambayo chumba kinaamka.

Ninayemwona mjinga hapa ni mimi. Kule shule nilidhani nina nidhamu. Nidhamu ilikuwa ya yule mwanafunzi wa zamu aliyekuwa akigonga chuma.

Gharama: karatasi moja na gundi.

29 Novemba 2024, Ijumaa: bumu na tarakimu moja

Kwa asiyejua: bumu ni ile fedha ya chakula na malazi wanayopata wanufaika wa mkopo wa elimu ya juu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, nayo huja kwa mkupuo wa siku 60, yaani 600,000 kwa pamoja.

Wenzangu lao liliingia tarehe 15. Mimi kimya. Siku mbili za mwanzo nikajifariji kwamba benki zinatofautiana. Ya tatu nikaenda ofisi ya mikopo ya chuo, mama mmoja mpole akafungua taarifa zangu, akaniambia nisome namba ya akaunti yangu kwa sauti huku yeye akiangalia kioo. Nilipofika tarakimu ya tisa akasema, "Hapo hapo, mwanangu." Nilikuwa nimeiruka nikijaza, kwenye simu, ndani ya daladala, nikiwa nimesimama. Marekebisho yakachukua siku zilizobaki.

Kwa hiyo toka nifike mpaka leo nimeishi siku 34 kwa zile 154,000 pamoja na 40,000 za kukopa kwa wa Kibondo: wastani wa shilingi 5,700 kwa siku, kila kitu ndani. Inawezekana, nimethibitisha. Asubuhi chapati mbili na chai ya rangi 1,000, mchana wali maharage kwa mama ntilie 2,000, usiku ugali na dagaa 1,500, kinachobaki ni bando na sabuni. Kilichonisumbua zaidi ya njaa ni kuwapisha watu njiani wakienda kwenye chipsi kuku na kusingizia nimeshiba.

Anayetaka kunakili hatua hii: jaza namba ya akaunti ukiwa umekaa, na uandike kwa kutazama kadi, usiandike kwa kukumbuka.

14 Desemba 2024, Jumamosi: alamu tisa na testi ya kwanza

Jaribio la pili la kengele: simu. Niliweka alamu tisa kwa siku, kila moja na mlio wake, ya kuamka jogoo, ya kusoma ngoma, ya kula king'ora. Nilichokipata ni chumba kizima kujua ratiba yangu kuliko mimi mwenyewe. Alamu inazimwa kwa kidole kimoja, na kidole hakihitaji kuamka. Usiku mmoja umeme ukakatika, simu ikafa, nikaamka saa 3 na robo. Wiki ya pili wa Kibondo, ambaye si mtu wa maneno mengi, alikuja kitandani kwangu saa 11 na dakika tano na kuniambia, "Mwanangu, jogoo wako nitamchinja." Nikaziondoa zote.

Testi ya kwanza ya hisabati za biashara: 4 kati ya 15.

Hapa pana maelezo kidogo. Kwetu kozi weki ni alama 40 na mtihani wa mwisho wa muhula, UE, ni 60. Hizo 40 zinatoka kwenye testi mbili za alama 15 kila moja na asaimenti ya 10. Usipofikisha 16 hukai UE. Ukikaa na jumla isifike 40 kwa mia, una sapu, yaani mtihani wa marudio. Sapu zikizidi, unadisko, unarudi nyumbani na ndoo zako.

Nilifeli kwa sababu nilisoma kama shuleni. Shuleni mwalimu aliandika ubaoni, ukanakili, ukakariri, ukarudisha. Huku mhadhiri anapitisha slaidi arobaini kwa saa mbili mbele ya watu zaidi ya mia tatu, nami nilikuwa nakaa nyuma karibu na mlango kwa ajili ya hewa. Kutoka pale herufi za ubaoni ni sisimizi. Nikijipa moyo kwamba CR, mwakilishi wa darasa, atazituma slaidi kwenye grupu, na kweli alizituma, nikazihifadhi vizuri sana ndani ya simu bila kuzifungua.

Tulianzisha diskasheni pia, ya watu kumi na mmoja. Watu kumi na mmoja ni timu ya mpira. Tulikaa vimbweta, yale meza na viti vya zege vya nje, mara tatu: mara ya kwanza tukachagua mwenyekiti, ya pili tukajadili ligi, ya tatu wakaja watano na mmoja wao alikuwa anachaji simu. Nimejitoa.

31 Desemba 2024, Jumanne: 78,000

Akaunti inasoma sifuri. Bumu la kwanza lilitakiwa lifike tarehe 28 Januari, limeisha kwa siku 32. Nimekaa na daftari kutwa nzima nikijenga hesabu, na hiki ndicho nilichopata:

Deni la wa Kibondo 40,000. Kioo cha simu 85,000. Viatu 35,000. Sare ya mdogo wangu, nilimtumia Mama 50,000 bila kuombwa, kwa kutaka sifa tu. T-sheti ya kozi 15,000. Kwenda Dar Krismasi na kurudi 62,000. Chakula siku 26 kwa wastani wa 7,000, jumla 182,000. Bando 32,000. Kuprinti na nakala 21,000.

Hiyo ni 522,000. Zimebaki 78,000 ambazo sijui zilikokwenda. Mwanafunzi wa uhasibu. Nimeigeuza hesabu mara tatu, haikubali. Wa Songea amenishauri niziandikishe chini ya "matumizi mengineyo" kama wafanyavyo wakubwa.

Nikijichunguza naona tatizo lilianza siku fedha ilipoingia. Sikuwahi kushika laki sita. Mtu aliyeishi kwa 5,700 akiamka na 600,000 hawazi siku 60, anawaza leo. Kula kwangu kulipanda hadi 7,000 siku ile ile, na sikumbuki kama nilishiba zaidi.

Zimebaki siku 28.

11 Januari 2025, Jumamosi: jiko la koili

Hatua iliyonifundisha zaidi na ninayoionea aibu zaidi.

Mwaka mpya nikaanza kupika chumbani. Sheria za hosteli zinakataza, na zimebandikwa mlangoni, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilichukua jiko la koili la wa Songea kwa mkopo wa 15,000, mchele kilo tano na trei moja ya mayai niligawana na wa Kibondo. Kwa siku tano mambo yalikwenda kama maji mtoni. Nilikula kwa chini ya 1,800 kwa siku.

Jumatatu tarehe 6, saa 2 usiku, kesho yake kukiwa na testi ya watu wa mwaka wa pili, wali wangu uko jikoni. Wa Songea akachomeka hita ya maji ya kuoga. Jirani akaja kuazima soketi apige pasi. Vyote kwenye ekstensheni yangu ya 13,000. Sasa fanya hesabu ambayo sikuifanya: jiko wati 1,000, hita wati 1,000, pasi wati 1,000, jumla 3,000. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 13. Ekstensheni ile chini imeandikwa ampea 10, maandishi madogo, niliyasoma baadaye plastiki ikiwa imeshayeyuka. Kwanza ilikuja harufu, kama kandambili ikiungua, halafu moshi mwembamba, halafu ukanda wetu wote ukaingia giza, vyumba kumi na nane. Ile kelele iliyotoka gizani sitaisahau.

Wa Pemba ndiye aliyekuwa na akili. Alizima swichi ya ukutani kwanza, akachomoa kwa taulo kavu, akasema, "Msimwagie maji." Mimi tayari nilikuwa nimeshika ndoo.

Hasara: jiko limechukuliwa na wasimamizi wa hosteli, na deni la 15,000 liko pale pale. Nimeandika barua ya maelezo. Nimechangia 10,000 ya fundi. Ekstensheni imekufa, na wali uliishia hapo hapo, nusu mbichi, tukaula hivyo hivyo siku iliyofuata.

Suluhisho limetoka kwa jirani wa pasi, kwa kujisikia vibaya nadhani. Ana rafiki zake wawili wa mwaka wa pili waliopanga geto nje ya chuo, wana mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko, wanachokosa ni watu wa kuchangia. Tumekuwa sita. Kila mtu 2,500 kwa siku, milo miwili, na zamu ya kupika inakuja kila siku ya sita. Mgawanyo wa 15,000 za siku moja: mchele kilo moja na nusu 4,200, maharage kilo moja 3,000, unga kilo moja na nusu 2,400, mboga za majani 1,000, nyanya, vitunguu na mafuta 2,400, gesi 2,000. Hiyo ya gesi ni kwa sababu kuujaza mtungi ni kama 24,000 na kwetu unakaa siku 12.

Fedha: Mama amenitumia 50,000, aliuliza swali moja tu, "Zile laki sita?", nikajibu nitampigia baadaye. Hizo zinalipa geto siku 20 mpaka bumu lijalo. Mengine napata kwa kunyoa watu. Nilijifunza kunyoa kambini, mashine naazima kwa wa Kibondo, kichwa 1,000. Ijumaa jioni ndiyo soko, kila mtu anataka kupendeza kwa ajili ya wikiendi.

2 Februari 2025, Jumapili: misumari

Sasa naweza kuandika kilichofanya kazi.

Nilikuwa nataka kutengeneza kengele kutoka hewani. Ikaja kunijia siku moja nikisubiri maji kwamba chuoni kuna vitu vinavyotokea kwa saa yake nikitaka nisitake, na ukitundika jambo lako juu ya kitu kama hicho haliporomoki. Naviita misumari. Ninayo mitatu.

Msumari wa kwanza ni maji. Kwenye jengo letu yanatoka Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa 11 alfajiri, na kufika saa 1 bomba linakohoa upepo. Usipoamka huogi. (Chumvi yake nisiiseme, mtoto wa Mbagala ameizoea, ila wa Songea alihangaika na sabuni ya mche isiyotoa povu, mpaka alipohamia ya unga.) Ndoo mbili zikijaa nimeshaloa na usingizi umekimbia, basi nakaa na hisabati hadi saa 12 na nusu. Siku zisizo na maji wa Pemba ananigonga anapoamka kuswali. Mimi ni Mkristo na adhana ya msikiti wa jirani sikuwa naisikia kabisa, ila yeye hajawahi kuikosa. Jana alisema, "Nimeshakugonga mara mbili. Ya tatu namwaga ndoo." Tofauti na simu, huyu hazimiki kwa kidole.

Msumari wa pili ni chakula cha geto, saa 7 na saa 1 usiku. Ukichelewa unakuta ukoko. Kutoka geto maktaba iko njiani, kwa hiyo nikitoka kula mchana napitia huko, sirudi hosteli. Nikirudi hosteli mchana nimelala, hilo nimelijaribu mara nyingi vya kutosha.

Wa tatu ni mlango wa ukumbi baada ya kipindi cha hisabati. Diskasheni mpya ni ya watu wanne, na inafanyika pale pale kipindi kinapoisha, dakika arobaini, kabla mtu hajakumbuka ana njaa. Kila mtu anakuja na swali moja la mitihani iliyopita alilolikokotoa mwenyewe na kuwafundisha wengine. Asiyekuja na swali ananunua maji ya wote, 2,000. Nimenunua mara moja. Testi ya pili nimepata 11 kati ya 15, na asaimenti 8 kati ya 10. Kozi weki ya hisabati: 23.

Chumba. Nimesema karatasi mlangoni inasema wanne, lakini tangu Desemba tunalala sita, kwa sababu ya kubebana. Wa Songea ana binamu yake aliyekosa kitanda, na wa Kibondo ana mwanakijiji mwenzake. Nililalamika kwa hasira, tukagombana, siku tatu hatusalimiani. Siku ya nne wa Pemba akatuketisha na kahawa, akamuuliza kila mmoja swali moja tu, kitu gani kimoja hawezi kukivumilia. Mimi: sauti za video baada ya saa 6. Wa Songea: mtu kugusa viatu vyake. Binamu: kuitwa "mgeni". Hatukuandika sheria hata moja, tumeyashika yale tu. Nami nikanunua earphone za 5,000 kwa ajili ya siku ambazo hatuyashiki.

Bumu la pili limeingia tarehe 28. Kabla sijanunua hata soda nimelipa geto siku zote 60, yaani 150,000, na deni la jiko 15,000. Zilizobaki nimeziweka kwenye akaunti ambayo kadi yake iko kwa Mama, kutoa mpaka niende dirishani na kitambulisho nipange foleni. Ile foleni ndiyo ulinzi wenyewe. Natoa mara moja kwa wiki.

1 Machi 2025, Jumamosi: UE

Imeisha. Wiki mbili, karatasi sita. Ratiba ya UE ni kengele kamili, kila mtu aliamka bila kugongwa. Kunyoa nilisimamisha. Sina cha kuongeza, isipokuwa kwamba karatasi ya hisabati nilitoka nikitabasamu, na ile ya stadi za mawasiliano nilitoka wa kwanza, nikadhani ni kwa wepesi wake.

29 Machi 2025, Jumamosi: hesabu ya bumu la pili

Siku 60 zimetimia. Geto 150,000. Chai ya asubuhi na vidogo vidogo, 2,500 kwa siku, 150,000. Bando 40,000. Kuprinti 24,000. Sabuni, mafuta na dawa ya meno 30,000. Kumrudishia Mama 50,000. Deni la jiko 15,000. Mashine yangu mwenyewe ya kunyolea 65,000. Michango, ikiwemo msiba wa mzazi wa mwenzetu, 20,000. Jumla 544,000. Akaunti ilitakiwa isome 56,000 na inasoma 56,000. Nimemwonesha wa Songea. Amesema nikabidhiwe ofisi ya umma.

Vichwa nilivyonyoa tangu Januari: 94.

4 Aprili 2025, Ijumaa: matokeo

Hisabati za biashara B. Karatasi nyingine nne zimepita, mbili kwa shida. Stadi za mawasiliano: kozi weki 17, UE 20, jumla 37. Sapu. Nitaikalia Septemba.

Nimefungua daftari la vichwa nikaliweka kando ya ratiba ya muhula wa kwanza. Stadi za mawasiliano kilikuwa kipindi cha Ijumaa saa 10 jioni. Tangu wiki ya pili ya Januari sikuingia hata mara moja, kwa maelezo kwamba ni somo la kuandika barua na kujitambulisha, atakayefeli nani? Mhadhiri alitoa kwizi mbili ndani ya vipindi hivyo, bila kutangaza. Na Ijumaa saa 10 jioni daftari langu lina vichwa tisa, kumi na moja, siku moja kumi na sita. Fedha iliyonivusha Januari ndiyo iliyonunua sapu. Ningekuwa na nafasi ya kurudia sijui kama ningeacha kunyoa, maana njaa ya Januari naikumbuka vizuri, ila ningehamisha siku.

Marekebisho ya muhula wa pili: Ijumaa jioni kuna kipindi cha sheria za biashara, naingia, nakaa mstari wa pili. Kunyoa ni Jumamosi asubuhi baada ya maji, saa 1 hadi saa 5. Nimebandika tangazo mlangoni chini ya ile karatasi ya sheria za hosteli. Wateja watapungua, wiki iliyopita walikuwa saba. Bei nimeiacha 1,000.

Saa hizi ni saa 9 na dakika ishirini alasiri. Kuna mtu anagonga, anataka kunyolewa, ana mtoko leo usiku. Nimemwambia aje kesho. Anasema kesho haina maana kwake. Wa Kibondo anamwambia mlango wa tatu kulia kuna mwenye mashine.